Njia ya Mwongo ni Fupi

Ndugu msomaji, ukisikia ya kuwa mtu fulani amevunja rekodi ya mbio, bila shaka wafikiri habari za mabingwa wa dunia. Si ajabu. Lakini iko rekodi nyingine isiyotangazwa redioni, nayo kila mtu aweza kuwa nayo, hata wewe unayesoma habari hizi barazani baada ya kazi ya shamba. Ni rekodi ya mtu kujishinda mwenyewe: zamani uliikimbia njia kwa dakika kadha wa kadha, na leo umeikimbia kwa dakika chache zaidi. Habari ya rekodi ya namna hiyo ndiyo nitakayokusimulia leo, maana imenifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni.

Kwanza tazama mfano wa wakubwa. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, ikawa rekodi ya dunia. Sisi watu wa nyanda hizi za juu, Mbulu na Karatu, twaijua habari hiyo tangu utoto wetu. Lakini ni wachache wanaowakumbuka waliomfuata. Wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand, aliyetumia dakika 3 na sekunde 32.52, naye pia aliipita rekodi ya dunia iliyokuwako mpaka siku ile. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, dakika 3 na sekunde 33.16, na mbio zile hakuwahi kuzikimbia upesi kuliko siku hiyo. Wote wawili walishindwa na Bayi, na wote wawili walijishinda. Maneno hayo mawili yaweza kukaa pamoja katika mtu mmoja, wala hayagombani.

Basi, kutoka kwa wakubwa nashuka kwa mdogo, ndiyo mimi. Mimi ni karani wa parokia. Nilisoma ualimu, nikafundisha miaka michache, kisha nikaitwa kushika vitabu vya parokia yetu. Kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi hadi jioni niko mezani na kalamu: vyeti vya ubatizo, matangazo ya ndoa, hesabu za zaka, barua za vigango. Mgongo hupinda, tumbo hutangulia mbele, na miguu husahau kazi yake.

Mwaka 2022 Sista wa zahanati alikuwa akipima watu presha baada ya Misa, nami nikakaa kitini pake kwa mzaha tu. Alipima mara ya kwanza, akanyamaza. Akapima mara ya pili baada ya kunipumzisha. Akasema, “Karani, ni 152 kwa 96. Mtu akifika 140 kwa 90 twamwangalia kwa makini. Njoo tena Jumatano na Jumapili ijayo.” Nilirudi, na hesabu ikabaki kule kule juu. Hapo mzaha ulikwisha. Baba yangu alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 52, na mwezi haukuisha tukamzika. Nilikuwa bado chuoni. Niliporudi nyumbani siku ile nikawatazama watoto wangu watatu wanakula, nikahesabu miaka moyoni, wala sikumwambia mke wangu hesabu niliyoipata.

Sista aliniambia mambo matatu: nipunguze chumvi, nirudi kupimwa kila mwezi, na niutumikishe mwili. Alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima watumie dakika 150 au zaidi kila juma katika mwendo wa haraka au kazi ya kutoa jasho. Dakika 150 ni saa mbili na nusu tu. Mkulima huzipita kabla ya Jumanne jioni. Karani hazifikishi kwa mwezi. Ndipo nilipokumbuka ya kuwa chuoni nilikuwa mkimbiaji, si hodari sana, lakini mkimbiaji. Katika daftari langu la zamani nilikuta maandishi ya mwaka 2011: mita 5000, mizunguko 12 na nusu ya uwanja, dakika 24 na sekunde 5. Nilikuwa na miaka 22. Nikasema, hii ndiyo alama ya ujana wangu. Tuone mtu mzima atafika wapi.

Nilianza polepole, wala si kwa haya nisemapo hivyo, maana ndivyo ilivyonibidi. Juma la kwanza nilikimbia dakika mbili, nikatembea dakika tatu, nikakimbia tena. Nilikwenda mara tatu kwa juma, saa kumi na moja na nusu alfajiri, njia ya kigango cha pili, kabla ya kwenda kupiga kengele. Raba zangu nilizinunua mnadani, mtumba wenye soli nzuri bado. Baada ya miezi mitatu niliweza kukimbia dakika 30 bila kusimama. Kisha siku moja katika juma nikaitenga iwe ya mwendo mkali: dakika mbili mbio, dakika mbili pole, mara sita. Siku nyingine mbili zilikuwa za mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzako. Siku zilizobaki nilipumzika, maana miguu hukua nguvu katika kupumzika, kama mahindi yakuavyo usiku bila mtu kuyavuta.

Watu walicheka, usidhani hawakucheka. Mzee mmoja wa kigango alinisimamisha njiani akaniuliza, “Karani, unafukuzwa na nani?” Nikamjibu, “Shikamoo mzee. Nafukuzwa na presha.” Akafikiri kidogo, akasema, “Marahaba. Basi kimbia, mwanangu, wala usigeuke nyuma.”

Mwaka 2023 zikatangazwa mbio za barabarani mjini kwetu, kilomita 5, kwa ajili ya kuchangia vitanda vya wazazi hospitalini. Njia ilitoka sokoni, ikashuka barabara kuu hadi penye pipa lililopakwa rangi nyeupe, ikageuka pale na kurudi sokoni. Nilijiandikisha. Siku yenyewe nilikimbia vizuri sana, na nilipofika mwisho saa yangu ya mkononi ilionyesha dakika 22 na sekunde 50. Msomaji, nilikaribia kulia. Kijana wa miaka 22 alikuwa ameachwa nyuma zaidi ya dakika nzima na baba wa watoto watatu! Binti yangu mkubwa, wa darasa la nne, alichukua mkaa akaandika ukutani mwa jikoni kwa tarakimu kubwa: 22:50. Mama yake hakumgombeza. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa ukuta ule.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa. Siku ya kumi alinijia fundi baiskeli wetu, naye alikuwa amekimbia pia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba habari. Alisema, “Karani, mimi si mwepesi kiasi kile. Saa yangu imenipa dakika ambazo miguu yangu haizijui. Nataka tukaipime ile barabara.” Tukaenda Jumamosi alfajiri, kabla ya malori. Alikuwa amepima duara la gurudumu lake kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko mmoja, mita 2 na sentimita 23. Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoku, akawa anasukuma baiskeli polepole kwa kufuata njia ile ile ya mbio, nami natembea kando nikihesabu na kuandika kila mizunguko mia. Kutoka sokoni hadi alama ya pipa na kurudi tulipata mizunguko 2,107. Tukaketi juu ya jiwe tukapiga hesabu. Ikawa kilomita 4 na mita kama 700. Tukarudia ili tusimsingizie mtu. Jibu lilikuwa lile lile. Barabara ile ilipungua mita 300.

Usidhani mambo ya namna hii hutokea vijijini tu. Mwaka 1981, katika mbio za marathoni za New York, Alberto Salazar wa Marekani alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, na dunia nzima ikatangaziwa rekodi mpya. Baadaye njia ilipopimwa upya ikaonekana imepungua karibu mita 150, na rekodi ile haikuhesabiwa tena. Na mjini Manchester, Uingereza, njia ya marathoni iliyotumika mwaka 2013, 2014 na 2015 iligunduliwa kuwa imepungua mita 380. Maelfu ya watu waliofurahia muda wao waliambiwa ya kuwa hawakuwa wamekimbia marathoni kamili. Bila shaka wengi wao walikuwa na ukuta wao wa jikoni.

Sasa ndipo penye kiini cha habari yangu. Nilikuwa na muda wa dakika 22 na sekunde 50, nao haukuwa muda wa kilomita 5. Nifanye nini? Rafiki mmoja alinishauri, “Uache. Nani ameumia? Hukuiba kitu cha mtu. Waliopima vibaya ni wao, wewe ulikimbia ulipoambiwa.” Maneno yake yalikuwa matamu, na kweli tupu yalikuwa nayo nusu. Mimi sikumdanganya mtu siku ile. Lakini tangu nilipoondoka juu ya lile jiwe nilikuwa najua. Nikiendelea kuwaonyesha wageni ukuta ule, hapo ningekuwa nasema lile ninalojua si kweli.

Tena kazi yangu hainiachi. Huja mzazi ofisini, mtu mwema kabisa, akaniomba nipunguze mwaka mmoja katika cheti cha ubatizo cha mwanawe, ili umri wake ufae kwa shule au kwa kazi. “Mwaka mmoja tu, karani. Nani ataumia?” Nami humwonyesha kitabu, maandishi ya makarani waliokufa zamani, wino umekuwa wa kahawia, na humwambia ya kuwa kitabu hiki hutumika kwa sababu moja tu: hakuna aliyekipunguza. Watu hurudi baada ya miaka 40 kutafuta tarehe, nao huiamini. Basi, mtu asiyempunguzia jirani mwaka mmoja, atajipunguziaje mwenyewe mita 300? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, lakini sikujua ya kuwa iko siku nitaipima kwa gurudumu la baiskeli.

Jioni ile nilichukua kitambaa chenye maji nikafuta ukuta. Binti yangu alinitazama akasema, “Baba, mbona unaifuta? Si ulishinda?” Nikamweleza habari ya mizunguko 2,107. Alisikitika kuliko mimi. Akauliza, “Basi rekodi yako sasa ni ngapi?” Nikamjibu, “Ni 24:05, ile ya kabla wewe hujazaliwa.” Naye akaandika hiyo badala yake, kwa tarakimu ndogo, kwa maana hakuipenda.

Mimi na fundi tuliwaendea waandaaji. Hatukwenda kuwashitaki, tulikwenda na karatasi yetu ya hesabu. Wao nao walikuwa watu waungwana, hawakukasirika. Ilionekana ya kuwa pipa liliwekwa karibu kwa sababu mbele yake barabara ilikuwa ikitengenezwa, na hakuna aliyepima tena. Mwaka uliofuata walimwita mwalimu wa michezo ajuaye kazi hiyo. Alituonyesha jinsi njia za mbio zinavyopimwa siku hizi. Baiskeli hufungwa kando ya gurudumu la mbele kifaa kidogo chenye tarakimu kiitwacho Jones Counter, kilichotengenezwa Marekani mwaka 1971. Kwanza baiskeli huendeshwa juu ya mstari uliopimwa kwa futi ya chuma, ili ijulikane tarakimu ngapi hufanya kilomita moja. Kisha huendeshwa katika njia yenyewe, kwa kufuata ufupi wa kila kona, sentimita 30 tu kutoka ukingoni, maana mkimbiaji naye hukata kona. Mwisho huongezwa mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikapungua hata kidogo. Kwa hiyo kilomita 5 huwekwa mita 5,005. Mwalimu hakuwa na kifaa kile. Alitumia gurudumu na hesabu kama sisi, lakini mara tatu, na akaongeza zile mita 5. Pipa likasogezwa mbele zaidi ya mita 150, maana njia ni ya kwenda na kurudi.

Mbio za mwaka 2024 zilifanyika asubuhi ya baridi, ukungu ungali bondeni. Kila kilomita ilikuwa na mstari wa chokaa. Nilikuwa na miaka 35. Hewa ya milimani ni nyepesi, na mtu asiyejihadhari humaliza pumzi yake ndani ya dakika tano. Vijana walitoka kama nyuki waliochokozwa, nikawaacha waende. Kilomita ya kwanza, dakika 4 na sekunde 45. Ya pili, 4:47. Pale penye pipa nililizunguka karibu sana nikaligusa kwa mkono, na watu wakacheka. Ya tatu, 4:52, maana hapo njia huanza kupanda. Ya nne, 4:50. Saa yangu ilisoma dakika 19 na sekunde 14.

Nikapiga hesabu huku nakimbia, kama karani apigavyo. Ili niufikie tu ujana wangu, kilomita ya mwisho sharti niikimbie kwa dakika 4 na sekunde 51. Nayo ni ya kupanda hadi sokoni. Miguu ilikuwa mizito kama iliyovaa matope ya masika. Nilimwona mbele yangu mwanamke mmoja, mama muuza mboga ninayemfahamu, anakimbia kwa kandambili zilizofungwa kwa kamba, hatua zake fupi fupi, hazibadiliki. Nikayaweka macho yangu mgongoni pake, nikasema moyoni, nisimwache aende. Sikumpita. Alifika sokoni mbele yangu hatua kumi. Lakini nilipovuka mstari na kubonyeza saa, ilikuwa dakika 23 na sekunde 58.

Sekunde 7! Katika sekunde 7 mtu hawezi hata kufunga kamba za viatu vyake viwili. Nami nilikuwa nimezitafuta kwa miaka 13. Nilikuwa wa 61, sikupata kikombe wala fulana ya mshindi, na mama wa mboga alinipa mkono wa pole na hongera pamoja.

Nyumbani binti yangu alingoja na mkaa mkononi. Nikamtajia hesabu. Akakunja uso akasema, “Lakini baba, 23:58 ni kubwa kuliko 22:50. Mwaka jana ulikuwa mwepesi zaidi.” Nikamwambia akae chini, tugawanye. Ule muda wa 22:50 tukaugawa kwa kilomita 4.7: ukatoka dakika 4 na sekunde 51 na ushei kwa kila kilomita. Ule wa 23:58 tukaugawa kwa 5: ukatoka dakika 4 na sekunde 47 na ushei. Alitazama karatasi muda mrefu. Kisha akaenda ukutani akaandika 23:58, kwa tarakimu kubwa kuliko zile za kwanza. Ni hesabu ya gawanya, msomaji, lakini nadhani siku ile alijifunza na jambo jingine, nami sikulitaja kwa jina.

Hayo ndiyo yangu. Sasa ya kwako. Kama umekwisha kuwa mtu mzima na kazi yako ni ya kukaa, nenda ukapimwe presha. Haiumi, na wengi walio nayo hawaisikii. Kama umepewa dawa, zinywe kama ulivyoelekezwa, wala usiziache kwa kuwa umeanza mazoezi. Mimi presha yangu siku hizi hucheza kwenye 128 kwa 82, lakini Sista hajaniruhusu kuacha kwenda kwake kila mwezi, wala chumvi hajanirudishia. Anza kwa kutembea. Ukiweza kukimbia, kimbia polepole, ukiongeza kidogo kidogo. Tafuta njia moja, kutoka mti huu hadi daraja lile, uipime kwa haki, uandike muda wako katika daftari la mtoto.

Kisha usitafute jirani wa kumshinda. Jirani ana miguu yake na mama yake aliyemzaa. Ukimshinda utajivuna, akikushinda utamwonea kijicho, na hakuna faida katika hayo mawili. Shindana na yule aliyeandikwa katika daftari lako mwezi uliopita. Huyo wamjua vizuri, wajua visingizio vyake vyote, naye hawezi kukudanganya kama wewe hukumdanganya. Na ndivyo ilivyo katika shamba, katika kulea watoto, katika deni dukani na katika ulevi kwa yule anayepambana nao: kuna kipimo kimoja cha kweli, nacho hukaa mkononi mwako mwenyewe, na aibu ya kukipunguza huijua wewe peke yako.

Mwaka kesho, Mungu akipenda, nitakimbia tena. Labda nitapata 23:50, labda miaka itanipokonya zile sekunde 7. Mzee wa kigango ameniambia atakuja sokoni kutazama kama yule anifukuzaye amenikaribia.